Mashine Yangu Inakula Nini

Kisaka, Serengeti
9 Januari 1977

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Nyarero, wewe na Ghati na watoto. Mimi huku ni mzima, naendelea na kazi zangu za zahanati, hofu yangu ni kwako tu uliye mbali na macho yangu.

Mama, nisamehe kwa ile safari ya Desemba. Najua tulisema tutakwenda Nairobi kumwona yule daktari aliyekupasua, na nimesikia kwamba ulikuwa umekwisha kufunga mzigo ukaaga mpaka majirani. Likizo yangu ilikataliwa. Dawa zilikuwa zimeisha, mwenzangu alikuwa anaumwa, mambo yakawa mengi. Lakini si safari ya haraka. Ilikuwa ya kumsalimia daktari na kumwonyesha kwamba kidonda kimepona vizuri. Tutaipanga tena mvua zikiisha.

Jambo moja tu usilisahau. Chukua ile saa niliyokupa, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo dakika nzima, na usihesabu huku unamsemesha Ghati. Mashine uliyowekewa kifuani inatakiwa kuusukuma moyo mara sabini. Ikishuka niandikie siku hiyo hiyo. Tena naomba kila barua uanze na namba, hata kabla ya salamu, ili nisitafute.

Nimekutumia sabuni mbili na chumvi kwa konda wa basi.

Mwanao uliyemlea,
Nikodemo


Nyarero, Tarime
30 Januari 1977

Mwanangu Nikodemo,

Sabini. Marahaba.

Nimetii, namba nimeitanguliza, ingawa Mwalimu Stanslaus wa kisomo cha watu wazima amenicheka akasema hata polisi husalimia kwanza. Mwandiko ni wangu, usitafute wa mtu mwingine. Tangu nipate cheti cha kisomo sitaki mtu aniandikie, maana kila aliyeniandikia zamani aliongeza yake.

Sisi wazima. Ghati anavuna mahindi. Chumvi imefika. Sabuni imefika moja, ya pili nadhani konda anaogea.

Nina swali. Shule imenunua redio, tunaisikiliza jioni. Kila baada ya muda sauti yake inakuwa ya mgonjwa, mwalimu anatoa betri za zamani anaweka mpya, inapona. Juzi nikawaza. Hii yangu iliyolala chini ya mtulinga, nene kama kopo la kiwi, inapiga mchana na usiku tangu mwaka ule wa operesheni, tulipohamishiwa kijijini na mimi nikaanguka njiani na mlango wa nyumba yangu kichwani. Miaka miwili na nusu hiyo, haijapumzika hata Jumapili. Inakula nini?

Wewe ndiye uliyekuwa unazungumza na daktari kwa Kiingereza na kunirudishia kwa Kikurya. Lazima alikwambia. Nami niambie.

Mama yako mdogo,
Nyangi


Kisaka, Serengeti
20 Februari 1977

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kupata barua yako na kuona mwandiko umenyooka. Mimi ni mzima wa afya.

Bila shaka umesikia kwenye hiyo redio kwamba mpaka wa Kenya umefungwa. Sirari hapapiti basi wala lori. Kwa hiyo habari ya Nairobi tuiache kwanza, si mimi wala wewe tulioifunga njia.

Kuhusu swali lako, mama, usijisumbue. Mashine inalishwa na nguvu ya mwili wako mwenyewe. Kula vizuri, usibebe ndoo kubwa, lala mapema, nayo itakuwa na nguvu. Mambo ya utaalamu niachie mimi, ndiyo kazi niliyosomea, na uliyeuza ng'ombe ili nisome ni wewe.

Endelea kuhesabu.

Mwanao,
Nikodemo


Nyarero, Tarime
17 Aprili 1977

Mwanangu,

Sabini. Marahaba.

Nimesoma jibu lako mara tatu. Kumbe mashine inakula obokima kama mimi. Vizuri, kuanzia leo kwenye ugali wangu nitaongeza tonge moja kwa ajili yake, isije ikalala njaa.

Karatasi yako ilibaki nusu nzima haina kitu, na wewe si mtu wa kuacha karatasi. Tangu utoto ukiwa na neno zito unanyamaza, unakwenda kuchonga kijiti. Kama kuna neno, mimi nipo.

Habari ya mpaka tumeisikia. Lakini shemeji yangu Mwikwabe alivuka juzi kwenda kumzika shangazi yake Kehancha, akarudi siku ya tatu na viatu vipya. Umefungwa kwa wenye magari. Sisi tuliozaliwa huku na kuzikana kule hatujaona kufuli.

Salamu kutoka kwa Ghati. Ana mimba nyingine.

Mama yako mdogo,
Nyangi


Kisaka, Serengeti
23 Oktoba 1977

Mama mdogo,

Shikamoo. Leo siulizi hali, maana nimekwisha kuijua. Dereva wa lori la pamba ameniletea kikaratasi cha Mwalimu Stanslaus. Anasema ulianguka pale kisimani Jumatatu, ukalala pale hutikisiki hadi wanawake wakaanza kupiga yowe, kisha ukafumbua macho ukauliza ndoo iko wapi. Anasema ni mara ya pili.

Ningekuja leo hii. Lakini kipindupindu kimeingia huku, tumewekewa karantini, hakuna atokaye, na mimi ndiye niliyeambiwa nihakikishe hakuna atokaye. Basi nakuandikia kile ambacho nilitakiwa kukuambia kwa mdomo miaka mitatu iliyopita.

Siku ile Nairobi, yule daktari Mzungu alivuta kiti akakaa mbele yako. Alikuwa anakuangalia wewe, mimi hakuniangalia. Akasema hivi: mwambie mama moyo wake unapiga mara thelathini na tano tu, ndiyo maana anaanguka. Mashine itausukuma. Lakini ndani yake kuna betri, na betri itakwisha baada ya miaka miwili na nusu, ikizidi sana mitatu. Hapo itabidi tumkate tena tuweke mashine mpya, na baadaye tena, na tena, maisha yake yote. Muulize kama anayataka maisha hayo. Muulize kama kwao si mbali mno kurudi. Na kama ana la kuuliza aulize, mimi sina haraka.

Nikakugeukia. Kabla sijasema lolote wewe ukaniuliza: nitakatwa mara ngapi? Nikakujibu: mara moja tu. Ukasema, kama ni mara moja basi sawa. Nikamgeukia daktari nikamwambia, mama amekubali yote. Nikaweka sahihi yangu kwenye karatasi, mahali pa mtoto wa mgonjwa.

Nilijua ukisikia ukweli utakataa. Ndani ya basi ulikuwa umeniambia kwamba Mkurya hukabili kisu mara moja, siku anapofanywa mtu mzima, na siku yako ulikwisha kuimaliza bila kupepesa jicho. Nilikuwa nimekuona umeanguka njiani na ule mlango juu yako. Mama yangu alikufa nikiwa sijui hata kulia vizuri, ukanichukua wewe. Sikutaka kuzika mama wa pili. Nikasema moyoni, kwanza aishi, mengine nitamwambia akipona. Ulipopona nikaona raha yako, nikashindwa.

Kuna baya zaidi. Likizo ya Desemba haikukataliwa. Sikuiomba. Daktari alikuwa ameiandika tarehe hiyo kwenye kadi yako, tarehe ya kubadilisha mashine, na kadi ninayo mimi. Niliogopa kwamba nikikufikisha pale angekuuliza tena, nawe ungejua. Nikaiacha tarehe ipite. Mwezi wa pili mpaka ukafungwa, na mama, sijui nitakuambiaje hili: niliposikia redioni nilishusha pumzi. Nilifurahi. Nilipata kitu cha kusingizia.

Na mwili wako hauilishi hiyo mashine. Huo nao ni uongo, niliutunga nikiwa nimekaa hapa hapa.

Sasa nimehesabu, ni miaka mitatu na miezi miwili. Kinachonichanganya ni namba. Betri ikichoka namba hushuka, lakini hata kwenye vile vijibarua vyako vifupi vya Juni na Agosti uliandika sabini. Hesabu tena, mama, na mwalimu akuangalie saa.

Nisamehe. Sistahili lakini nisamehe. Kila mgonjwa ninayemhudumia hapa namwona wewe, na kila anayeniuliza swali naona aibu kumjibu. Nisamehe.

Mwanao, kama bado nina haki ya kujiita hivyo,
Nikodemo


Nyarero, Tarime
6 Novemba 1977

Mwanangu Nikodemo,

Hamsini na nane. Marahaba. Hiyo ndiyo namba ya kweli.

Kaa chini usome. Asubuhi ya pili baada ya kupasuliwa, yule muuguzi Rhobi, binti wa Kehancha, alikuwa ananiosha. Akaniuliza kwa lugha yetu: mama, kweli utaweza kuja huku kila miaka mitatu, na kwenu ni Tanzania? Nikajifanya sisikii vizuri, nikamwambia anieleze upya kila kitu alichosema daktari. Akanieleza. Wewe ulikuwa umetoka kuninunulia machungwa. Uliporudi nikala chungwa.

Mtoto uliyemlea humvui nguo mbele za watu. Na kweli nilikuwa nimekwisha kukatwa, na moyo ulikuwa unapiga vizuri, nikaona nitembee kwanza. Nikasema atakuja mwenyewe aniambie. Mwaka ukapita. Mzigo wa Desemba niliufunga nikijua ni safari ya kukatwa, nilikuwa nimekwisha kujiandaa. Hukuja. Nikakuuliza inakula nini. Pale nilikufungulia mlango mzima, Nikodemo, hata nzi angepita. Ukaniletea habari za obokima.

Hapo nikakasirika. Mwezi wa tano namba ilianza kushuka, sitini na saba, sitini na nne. Nikasema, yeye ananificha betri, na mimi namficha namba, tuone nani atachoka. Nikawa naandika sabini. Ni ujinga na nimeuona. Ghati aliponiinua pale kisimani na tumbo lake lile alikuwa analia kama mtoto, nikatambua kwamba nilitaka kukukomoa wewe nikamkomoa yeye. Kwa hilo nina hatia mimi, wala sikulaumu wewe.

Sasa acha kuniomba msamaha. Kurasa tatu zimejaa msamaha na hakuna swali hata moja. Msamaha utafika wakati wake, haukimbizwi na lori la pamba. Ninachotaka ni kuulizwa. Niulize kama yule daktari alivyotaka niulizwe, na kwanza unijibu hili: nikiiacha hivi hivi, itakuwaje? Usinipunguzie.

Nyangi


Kisaka, Serengeti
20 Novemba 1977

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nje, chini ya jua, kwa sababu ndani palikuwa na watu na sikutaka wanione.

Nakujibu ulivyouliza. Ukiiacha, mashine itazidi kuchelewa, kisha itanyamaza. Moyo wako utabaki na mapigo yake ya zamani, thelathini na tano au pungufu. Utakuwa unaanguka. Huenda ukaishi miezi, huenda ukapita mwaka, na huenda ukaanguka siku moja usiinuke. Hutakuwa na maumivu mengi. Siku siijui, na anayesema anaijua anakudanganya.

Ukibadilisha, watafungua ngozi pale pale, watoe ya zamani waweke mpya. Waya uliomo moyoni unabaki kama bado ni mzuri. Ni kazi ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini kidonda kinaweza kuingia usaha, na waya ukikutwa umechakaa inakuwa kazi kubwa. Tena ni ya miaka mitatu, halafu kisu kingine.

Pa kwenda ni pawili. Dar es Salaam anatazamiwa daktari mgeni mwezi wa tatu, lakini hakuna anayeweza kuniambia kama atakuja na mashine. Nairobi mashine zipo. Lakini mpaka umefungwa, na mimi mtumishi wa serikali nikikamatwa nimevuka, kazi imekwisha na huenda nikalala ndani.

Basi nakuuliza, mama, na nitapokea jibu lolote: wewe mwenyewe unataka nini?

Mwanao,
Nikodemo

Nyuma ya karatasi: Ili tusipoteze siku, nimekwisha kuandika Dar kuomba uwekwe kwenye orodha ya mwezi wa tatu. Usifanye lolote mpaka nije nikuchukue. Kadi nimeifunga humu kwenye bahasha, uitunze.


Nairobi
11 Desemba 1977

Mwanangu Nikodemo,

Marahaba, kwa shikamoo zote ulizoandika. Barua hii haipiti posta, inaletwa kwa mkono na Marwa, mtoto wa Mwikwabe, kwa hiyo akifika mpe chakula kwanza ndipo umuulize habari.

Swali lako lilikuwa zuri. Niliposoma "wewe mwenyewe unataka nini" nililia kidogo, maana sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniuliza hivyo. Kisha nikageuza karatasi, nikakuta jibu umekwisha kuliandika na kulituma Dar. Mwanangu, wewe ni wa kufungwa kamba.

Basi sikukungoja. Marwa alinipakia kwenye baiskeli, Ghati akafuata kwa miguu, kichanga mgongoni, kwa kuwa alikataa kubaki. Mpakani tulikuta mbuzi. Kehancha tuliuliza kwa kina Rhobi, yule muuguzi, tukalala kwao siku mbili, na mama yake akatupandisha basi. Niliona giza mara tatu njiani. Sikufa.

Daktari ni yule yule, nywele zimepungua. Alinikumbuka. Akauliza yule kijana aliyekuwa anafasiri yuko wapi. Rhobi akaniangalia. Nikasema mwanangu ana wagonjwa wengi wa kipindupindu, hawezi kuwaacha. Zaidi ya hapo sikusema, wala si kwa ajili ya sifa yako. Mambo yetu ni yetu.

Karani alitaka mume wangu aje kuweka sahihi. Rhobi akamwambia amekufa. Akataka mtoto wa kiume. Nikamwambia Rhobi amweleze vizuri: mimi sikuzaa, kwa hiyo kwa desturi yetu Wakurya nilitoa ng'ombe zangu mwenyewe nikamwoa huyu Ghati unayemwona amekaa hapo, na watoto anaozaa ni wa mji wangu. Mwenye mji ni mimi. Unamtafutia nani kwingine? Karani hakuelewa kitu, lakini alichoka, akanipa kalamu.

Kabla ya kalamu nilimuuliza daktari maswali tisa. Moja nilimuuliza mara mbili. La mwisho lilikuwa hili: nikikataa leo nikarudi kwangu, utanikasirikia? Alisubiri Rhobi amalize kufasiri. Akasema hapana, atanieleza namna ya kuishi bila kuanguka hovyo, na atanisindikiza mpaka mlangoni. Nilimtazama sana nikaona hadanganyi. Hapo ndipo nikasema nakubali. Mpaka wakati ule nilikuwa sijaamua, wala usidhani nilivuka mpaka kwa kuwa nilikuwa nimeamua. Nilivuka kwa kuwa nilitaka kuulizwa.

Wananikata Jumatano. Hali ya waya wangu hawaijui mpaka wafungue. Amenieleza yote, hata yale usiyoyaandika.

Nimekukasirikia bado, usidhani nimemaliza. Karantini ikiisha uende Nyarero ukawaangalie watoto, Mwikwabe anawapikia na sitaki kujua anapika nini.

Na nikifa mezani, watu wetu watasema Nikodemo alimpeleka mama yake mdogo Kenya kwenda kukatwa, nawe nakujua, utainamisha kichwa ukubali. Usikubali. Waambie Nyangi alikwenda mwenyewe, aliulizwa, akajibu, akaandika jina lake. Ile ya kwanza ilikuwa yako na utaibeba. Hii ni yangu, Nikodemo. Usiniibie na hii.

Mama yako mdogo,
Nyangi